Misukosuko na Mgawanyo wa Miti katika Misitu ya Milima ya Rocky: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu anayepanda Milima ya Rocky kutoka bondeni hadi karibu na kilele huona miti ikibadilika ngazi kwa ngazi, na akiuliza sababu huambiwa kwamba juu kuna baridi na chini kuna joto. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine imo katika moto, upepo, wadudu na maporomoko ya theluji, na hasa katika muda unaopita kati ya pigo moja na lile linalofuata. Majibu yaliyomo hapa yanahusu zaidi Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone na milima inayoizunguka, magharibi mwa Marekani, kwa kuwa misukosuko ya misitu yake imefuatiliwa kwa karibu na kwa miaka mingi.

Msukosuko ni nini hasa kwa mtaalamu wa misitu?

Ni tukio linaloua au kuvunja miti kwa kiasi cha kuacha nafasi wazi, yaani nafasi ya mwanga, maji na udongo ambayo mti mwingine unaweza kuigombania. Mti mmoja ukiangushwa na dhoruba ni msukosuko mdogo, na moto unaoteketeza mteremko mzima ni msukosuko mkubwa. Watu wengi hutazama ukubwa peke yake, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha kutoelewana kwingi katika mijadala ya misitu. Ukali wake una uzito sawa, na mrudio wake, yaani hupita miaka mingapi kabla tukio la namna hiyo halijarudi mahali palepale, una uzito zaidi ya yote. Moto unaorudi kila baada ya miaka 25 na moto unaorudi kila baada ya miaka 300 hujenga misitu miwili tofauti kabisa, hata kama mvua na baridi ni zilezile.

Katika Yellowstone mti gani huota wapi, na je, kimo cha mlima hakitoshi kueleza hilo?

Kwenye miteremko ya chini, hasa kaskazini mwa hifadhi, kati ya mita 1,800 na 2,300 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna mfiri wa Douglas (Pseudotsuga menziesii), mara nyingi ukiwa umesimama kwa vikundi kandokando ya nyika. Juu yake kuna uwanda mpana ambao karibu wote umefunikwa na msonobari kontota (Pinus contorta), mti mwembamba ulionyooka ambao mashina yake yalitumiwa na Wenyeji wa Amerika kusimamishia mahema, na ambao unachukua takriban asilimia 80 ya misitu ya hifadhi. Penye unyevu na penye kimo zaidi hupatikana mspruzi wa Engelmann (Picea engelmannii) pamoja na mfiri wa mlimani (Abies lasiocarpa), na karibu na mpaka wa mwisho wa miti husimama msonobari wa gome jeupe (Pinus albicaulis).

Mpangilio huo unafanana na ngazi ya joto na baridi, lakini ukiingia ndani ya msitu wa kontota ukatazama chini utagundua jambo lisiloafikiana na ngazi hiyo. Katika sehemu nyingi, miche inayoota kivulini si ya kontota. Ni ya mspruzi na mfiri wa mlimani, miti inayostahimili kivuli, ambayo kwa baridi na mvua ya mahali hapo ingeweza kuishi bila shida yoyote. Kontota nao unataka jua kamili, kwa hiyo watoto wake hawawezi kukua chini ya mama zao. Msitu huo ukiachwa bila moto kwa karne tatu au zaidi, na udongo ukiwa wa kutosha, mispruzi na mifiri huanza kushika nafasi ya kila msonobari unaoanguka. Kinachouweka kontota pale ni kwamba moto hurudi kabla kazi hiyo haijakamilika. Hali ya hewa huamua ni miti gani inaweza kuishi mahali fulani, lakini haiamui ni upi kati ya hiyo utakaokutwa pale leo.

Kule chini kwa mifiri ya Douglas hesabu ni nyingine. Mti huo ukizeeka huwa na gome nene lenye nyufa, ambalo huulinda dhidi ya moto mwepesi unaopita kwenye majani makavu. Katika nyika za kaskazini mwa Yellowstone, kabla ya watu kuanza kuuzima moto, mioto ya aina hiyo ilipita kila baada ya miaka 20 hadi 25, ikaunguza miche na kuiacha miti mikubwa hai. Moto ulipozuiwa kwa miongo mingi, miche ilipona na msitu ukasogea taratibu kuingia nyikani, pasipo kimo cha mlima kubadilika hata kidogo.

Mbegu za msonobari kontota hunusurika vipi katika moto unaoua mti wenyewe?

Koni ya kontota, yaani tunda lake la magamba lenye mbegu ndani, ni ndogo, ya sentimita 3 hadi 5, ngumu na iliyopinda kidogo upande mmoja, na kila gamba lake lina mwiba mfupi unaochoma kidole. Katika miti mingi koni hufunguka ikishakomaa na kuangusha mbegu kila mwaka. Katika mingine magamba yamegandishwa kwa utomvu, kama bahasha iliyopigwa lakiri, na koni hukaa juu ya tawi miaka kumi, ishirini au zaidi, ikibadilika rangi kutoka kahawia hadi kijivu huku mbegu zilizomo zikibaki hai. Utomvu huo huyeyuka katika joto la nyuzi 45 hadi 60 za Selsiasi, ambalo kwa kawaida haliwezi kufika matawini isipokuwa kwa moto. Moto ukipita, mti hufa, magamba huachana, na katika siku chache zinazofuata mbegu huanguka juu ya majivu na udongo mtupu ambako hakuna kivuli wala mshindani.

Mfiri wa mlimani na mspruzi hauna akiba ya namna hiyo. Magome yao ni membamba, matawi yao hushuka hadi karibu na ardhi na kuupandisha moto juu, na koni zao hutoa mbegu mwaka huohuo. Baada ya moto mkubwa, miti hiyo hulazimika kusubiri mbegu zipeperushwe kutoka pembezoni mwa eneo lililoungua, na ndiyo maana huchelewa.

Moto wa mwaka 1988 ulibadilisha nini?

Majira yale ya kiangazi yalikuwa makavu kupita kiasi. Hifadhi ilikuwa imeanza tangu 1972 kuruhusu baadhi ya mioto iliyowashwa na radi iendelee bila kuzimwa, na mwanzoni mwa kiangazi sera hiyo iliendelea kufuatwa, lakini kufikia mwishoni mwa Julai amri ilikuwa kuzima kila moto. Amri hiyo haikusaidia sana. Tarehe 20 Agosti peke yake upepo mkali uliusukuma moto juu ya zaidi ya ekari 150,000. Watu wapatao 25,000 walishiriki kupambana nao kwa gharama ya takriban dola milioni 120, na hata hivyo kilichouvunja nguvu hatimaye ni theluji na mvua zilizoanguka tarehe 11 Septemba. Hadi mwisho wa msimu ekari 793,880 zilikuwa zimeguswa na moto, sawa na asilimia 36 ya hifadhi yote.

Magazeti na televisheni za wakati ule zilizungumza juu ya hifadhi iliyoangamizwa. Kilichofuata hakikuafikiana na habari hizo. Eneo hilo halikuwa limeungua sawasawa: mahali pengine moto ulikuwa umekula hadi vilele vya miti, pengine ulikuwa umepita ardhini tu, na kati yake palibaki vipande vya msitu mbichi. Wanaikolojia Monica Turner, William Romme na wenzao walifuatilia kilichoota katika vipande hivyo mwaka baada ya mwaka. Miaka 11 baada ya moto, kulikuwa na sehemu zisizo na mche hata mmoja wa msonobari, na sehemu nyingine zenye zaidi ya miche 500,000 kwa hekta, msongamano ambao mtu hawezi kuupenya bila kuisukuma miche kwa mikono.

Tofauti kubwa namna hiyo ndani ya spishi moja, katika uwanda mmoja, ilitokana zaidi na mambo mawili. La kwanza ni idadi ya miti iliyokuwa na koni zilizofungwa kabla ya moto. La pili ni ukali wa moto wenyewe: moto ulioua miti kwa joto la ardhini ukaacha majani membamba kama sindano na koni juu yake ulifuatwa na miche mingi kuliko moto ulioteketeza vilele pamoja na sehemu ya koni. Miche hiyo iliota zaidi katika miaka ya mwanzo, na msitu unaoonekana leo umejengwa na mbegu zilizokuwa tayari juu ya miti ile iliyokufa.

Kwa nini koni zilizofungwa ni nyingi sehemu za chini kuliko sehemu za juu?

Kwa sababu ya mrudio. Katika sehemu za chini za uwanda, ambako ni pakavu na joto zaidi, moto mkubwa umekuwa ukirudi kwa wastani wa chini ya miaka 200. Katika sehemu za juu, theluji hukaa muda mrefu na moto umechukua karibu miaka 300 kurudi. Mti unaoweka mbegu zote chini ya utomvu hupata faida ukiwa na uhakika kwamba moto utaukuta ungali hai. Moto ukichelewa kuliko umri wa mti, akiba hiyo hupotea pamoja na mti unaoanguka kwa uzee, na hapo ndugu yake mwenye koni wazi, anayemwaga mbegu kila mwaka na kujaza mianya midogo, ndiye anayeacha uzao. Kwa hiyo msukosuko haupangi spishi peke yake, bali huchagua hata tabia ndani ya spishi moja.

Aspeni zilizoota baada ya moto wa 1988 zilitoka wapi?

Kabla ya 1988 wataalamu wengi wa eneo hilo waliamini kwamba aspeni (Populus tremuloides), mti wa majani mapana, karibu haioti kwa mbegu magharibi mwa Marekani, na kwamba huendelea kuwepo kwa machipukizi yatokayo kwenye mizizi ya zamani. Mwaka uliofuata moto, miche ya aspeni iliyotoka kwenye mbegu ilionekana ndani ya msitu wa kontota ulioungua, mahali pengine kilomita kadhaa kutoka kwa aspeni yoyote iliyojulikana. Mbegu ya aspeni ni ndogo mno, ina nyuzi kama pamba, husafiri mbali na upepo, ila haina chakula cha akiba na hufa haraka isipokuta udongo mtupu wenye unyevu. Moto ulikuwa umeutayarisha udongo huo, na unyevu ukaja kwa wakati.

Miche mingi kati ya hiyo ililiwa na wapiti, kulungu wakubwa wa huko, na imekua polepole sana. Hata hivyo, mti huo sasa upo katika sehemu ambazo ramani za zamani hazikuuonyesha, baadhi zikiwa juu zaidi mlimani kuliko aspeni za awali.

Je, upepo na wadudu hufanya kazi ileile ya moto?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe mara nyingi zaidi, kwa sababu tukizungumza juu ya msitu uliokufa bila kutaja umekufaje hatujasema jambo la maana kuhusu utakaofuata.

Moto mkali huua miti mikubwa na miche iliyo chini yake kwa pamoja, kisha husafisha udongo. Mchezo huanza upya, na mshindi ni yule mwenye mbegu zilizonusurika au zinazofika haraka: kontota na aspeni. Upepo hufanya kinyume. Tarehe 21 Julai 1987 kimbunga kilipita katika nyika ya Teton, kusini tu mwa Yellowstone, kikaangusha msitu wa takriban ekari 15,000. Oktoba 1997 dhoruba nyingine iliangusha zaidi ya hekta 10,000 za msitu kaskazini mwa Colorado, katika Msitu wa Taifa wa Routt. Katika matukio ya aina hiyo miti mirefu hung'olewa au kuvunjika, lakini mispruzi na mifiri midogo iliyokuwa ikisubiri kivulini hubaki, na kwa kuwa sasa imepata jua huanza kukimbia juu. Dhoruba huisogeza mbele saa ya msitu, ilhali moto huirudisha nyuma.

Wadudu hufuata mkondo wa upepo, kwa namna yao. Mbawakawa wa msonobari (Dendroctonus ponderosae) si mkubwa kuliko punje ya mchele. Anapotoboa gome, mti hujibu kwa kumwaga utomvu, na juu ya shina huonekana vidonge vyekundu vilivyochanganyika na unga wa mbao. Mti wenye maji ya kutosha huweza kumzamisha. Mti uliodhoofishwa na ukame, au ulioshambuliwa na maelfu kwa pamoja, hushindwa, kwa kuwa mbawakawa hawa hujiita kwa harufu na huja na kuvu wanaoziba mishipa ya maji. Chini ya gome mabuu hula tabaka laini linalosafirisha chakula cha mti. Kwa kuwa tabaka hilo ni nene zaidi katika miti mikubwa, ndiyo inayouawa kwanza, huku miti michanga na spishi nyingine zikiachwa. Baada ya mlipuko wa mbawakawa hawa, msitu uliokuwa wa kontota peke yake unaweza kugeuka kuwa na mispruzi na mifiri mingi zaidi, ingawa hakuna mtu aliyepanda chochote.

Halafu matukio hayo huingiliana. Mispruzi iliyoangushwa na dhoruba ya 1997 ilikuwa chakula cha mbawakawa wa mspruzi, ambao waliongezeka kwenye magogo kabla ya kuihamia miti iliyosimama, na mwaka 2002 moto ulipita juu ya sehemu ya magogo hayo. Moto ukiikuta miche ile iliyookolewa na upepo, faida yote ya mispruzi na mifiri hufutwa, na kontota hurudi iwapo mbegu zake zipo karibu.

Maporomoko ya theluji yana nafasi gani?

Nafasi yao ni nyembamba lakini ya kudumu. Katika njia ambazo theluji huporomoka mara kwa mara, hakuna mti mnene unaosalia. Hubaki mierebi, aspeni fupi na mifiri midogo, ambayo mashina yake hupinda na kulala chini ya theluji badala ya kuvunjika. Shina likishazidi unene wa sentimita kumi hivi, halipindi tena, na poromoko linalofuata hulikata. Ndiyo maana kwenye miteremko mikali huonekana mistari ya kijani kibichi ikishuka katikati ya msitu mweusi wa mispruzi, na kingo za mistari hiyo zina miti ya umri mmoja iliyoota baada ya poromoko kubwa la mwisho.

Msonobari wa gome jeupe hauna mbegu zenye mabawa. Hufikaje kwenye maeneo yaliyoungua?

Hupelekwa na ndege. Koni zake hazifunguki zenyewe, na mbegu zake ni nzito na zenye mafuta. Ndege wa jamii ya kunguru aitwaye mvunja-kokwa wa Clark (Nucifraga columbiana) hupasua koni kwa mdomo, hujaza mbegu katika kifuko kilicho chini ya ulimi, kisha huzificha ardhini chache chache, kwa kina cha sentimita mbili au tatu, kama chakula cha baadaye. Ndege mmoja huficha makumi ya maelfu ya mbegu kwa mwaka mmoja wenye mavuno mazuri. Hupenda mahali wazi, maeneo yaliyoungua yakiwemo, na husafiri kilomita nyingi. Mbegu anazozisahau huota, mara nyingi katika vishungi vya miche miwili mitatu iliyobanana, na ndiyo sababu msonobari huu huweza kuwatangulia mispruzi katikati ya eneo kubwa lililoungua.

Mti huu una shida ambayo moto hauhusiki nayo. Kuvu wa kutu (Cronartium ribicola), aliyeingia magharibi mwa Amerika Kaskazini mnamo 1910 kwa miche iliyotoka Ulaya, huua matawi ya juu yanayozaa koni, na miaka ya 2000 mbawakawa wa msonobari walipanda hadi kwenye vimo ambavyo awali baridi kali ya majira ya baridi ilikuwa ikiwaua. Desemba 2022 serikali ya Marekani iliuorodhesha kuwa spishi iliyo hatarini.

Wanasayansi wanajuaje kuhusu mioto ya karne zilizopita?

Kwa miti na kwa matope ya maziwa. Mti ulioguswa na moto bila kufa huwa na kovu la pembetatu karibu na ardhi, kwa kawaida upande unaotazama juu ya mteremko, kwa sababu ndiko moto hukawia nyuma ya shina na ndiko matawi makavu yaliyoporomoka hukusanyika. Kipande kikikatwa na pete zake zikahesabiwa, mwaka wa kila kovu hujulikana. Pale ambapo moto uliua kila kitu, umri wa miti iliyoota baadaye husema ni lini. Kwa njia hizo, Romme alionyesha katika utafiti uliochapishwa 1982 kwamba sehemu ya uwanda wa Yellowstone iliungua kwa mapana katika miaka ya 1700, kisha ikakaa bila moto mkubwa hadi alipokuwa akiandika. Miaka sita baadaye moto ulikuja.

Matope ya maziwa hufika mbali zaidi. Katika Ziwa Cygnet, ndani ya hifadhi, mtafiti Cathy Whitlock na wenzake walihesabu chembe za mkaa katika tabaka za miaka 17,000, na wakaona kwamba moto ulikuwa wa mara nyingi zaidi yapata miaka 10,000 iliyopita, wakati jua la kiangazi lilipokuwa kali kuliko la sasa.

Udongo hauna sehemu yake?

Unayo, na matope ya Ziwa Cygnet yanaidhihirisha. Mrudio wa moto ulipanda na kushuka kwa maelfu ya miaka, lakini chavua iliyohifadhiwa humo inaonyesha msonobari kontota ukitawala wakati wote huo, miaka 11,000 hivi. Sababu ni kwamba sehemu hiyo ya uwanda iko juu ya mwamba wa raiolaiti, unaotoa udongo wenye rutuba haba usioshika maji, ambao mispruzi na mifiri huuchukia. Juu ya mwamba wa andesaiti, wenye rutuba zaidi, miti hiyo hurudi kwa nguvu baada ya muda. Kwa hiyo anayetaka kueleza kila kitu kwa moto atakwama mahali pale ambapo jiwe limekwisha kuamua.

Itakuwaje moto ukirudi kabla msitu mchanga haujakomaa?

Kwa muda mrefu swali hili lilikuwa la nadharia. Mwaka 2016 likapata jibu la awali, moto ulioitwa Maple ulipounguza kontota zilizoota baada ya 1988, zikiwa na umri wa miaka 28. Mwaka huohuo moto wa Berry, katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, ulipita juu ya miti ya miaka 16 tu. Turner na wenzake walikuta katika maeneo hayo msongamano wa miche ulioshuka mara sita ukilinganishwa na ule ulioota baada ya moto uliotangulia.

Sababu zake zinaeleweka. Kontota mchanga huanza kuzaa mapema, hata kabla ya kufikisha miaka 15, lakini koni zake za mwanzo huwa za kufunguka. Zile zilizofungwa hujikusanya miongo kadhaa baadaye, kwa hiyo akiba ya mbegu ilikuwa bado ndogo. Koni zenyewe zilikuwa chini, karibu na miale. Msitu wa jirani uliosalia, ambao ungeleta mbegu kwa upepo, haukusaidia sana, kwa kuwa mbegu nyingi za mti huu huanguka ndani ya mita 60 kutoka kwa mama. Mahali pengine hata magogo yaliyolala tangu 1988 yaliteketea, yakabaki alama nyeupe ardhini.

Mti uliozoea moto, basi, haukuzoea moto wa kila namna. Ulizoea moto wenye kawaida ya kukawia. Kadiri viangazi vinavyozidi kuwa na joto na ukame katika Milima ya Rocky, ndivyo muda huo unavyofupishwa, na sehemu zitakazoungua mara mbili ndani ya miaka 30 zinaweza kuwa za aspeni, vichaka au nyasi bila hali ya hewa kuwa imevuka kiwango ambacho kontota aliyekomaa angeweza kukivumilia.

Je, maelezo haya yanafaa kwa misitu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya?

Kanuni ya mrudio inafaa, lakini si kila kitu kihamishwe jinsi kilivyo, kwa kuwa misitu ya huko ni ya tropiki, ina spishi nyingi zaidi, na moto mwingi wa sehemu za juu huanzishwa na binadamu badala ya radi. Mutarakwa (Juniperus procera) hauoti vizuri chini ya kivuli chake wenyewe, na pamoja na Hagenia abyssinica hufaidika na nafasi zinazoachwa na moto. Mkulo (Ocotea usambarensis) wa miteremko yenye ukungu hauna kinga dhidi ya moto. Kwenye Kilimanjaro, mioto ya mara kwa mara imeushusha mpaka wa juu wa msitu na kuugeuza msitu wa miti ya Erica kuwa vichaka, jambo lililoelezwa kwa kina na mtafiti Andreas Hemp. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza vichaka katika ukanda huohuo. Anayeutazama mpaka huo wa miti leo na kuusoma kama kipimo cha joto peke yake anasoma alama iliyosogezwa na moto.

Je, hifadhi hupanda miti baada ya moto?

Yellowstone haikupanda upya msitu wake ulioungua 1988. Uliachwa uote wenyewe. Nionavyo, uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu kupanda miche kwa mistari kungefuta ile tofauti ya msongamano ambayo moto wenyewe ulikuwa umeiacha.

Msonobari wa gome jeupe ndio unaotendewa tofauti katika milima hii, kwa kuwa kuvu aliyeletwa na watu si msukosuko ambao mti huo uliwahi kuukabili. Wafanyakazi hutafuta miti iliyobaki na afya katikati ya iliyokufa kwa kutu, huikwea mapema kiangazi na kuzifunika koni kwa vizimba vya waya ili ndege na kuchakulo wasizimalize, kisha hurudi majira ya vuli kuzichuma. Mbegu hukuzwa kitaluni, miche hujaribiwa kwa kuambukizwa kuvu, na inayostahimili hutumiwa kupata miche ya kurudishwa mlimani, mara nyingi katika maeneo yaliyoungua karibuni ambako mispruzi haijafika. Mavuno makubwa ya koni hayatarajiwi kabla ya miaka 60 hadi 80, kwa hiyo maeneo ya kupanda huchaguliwa kwa kukadiria pia ni wapi moto hautarudi kabla ya hapo.